Ng'ombe Wasio na Pembe wa Hughie McMorrow

Kila ifikapo Juni, jirani yangu Attracta Gilrane hupakia gambuti, chupa ya chai na mkasi kwenye gari lake dogo la bluu, akaanza mzunguko. Huimaliza kaunti yetu ya Leitrim, akashuka ile ya Roscommon, akapanda hadi ya Fermanagh. Kazi yake ni kukagua ng'ombe wetu wa kale, wale wekundu wenye mstari mweupe mgongoni na vichwa vya mviringo visivyoota pembe. Wamebaki wachache. Chama cha wafugaji wao kina daftari la ukoo, na ndama haandikwi humo mpaka mtu kama Attracta amshike kichwa, apapase huku na huku, aridhike kwamba hamna hata kinundu.

Kabla ya hapo alikuwa mhamilishaji kwa miaka ishirini na saba. Alipita mashambani na mtungi wa baridi wenye mbegu za mafahali, mwanamke wa kwanza kuifanya kazi hiyo upande wetu, na wanaume hawakumwonea huruma.

"Bwana harusi kafika!" walipaza sauti kila alipoingia uani.

Yeye alivuta glavu yake ndefu mpaka begani, akajibu, "Basi mtoeni bibi harusi. Nina harusi sita nyingine kabla ya saa saba."

Mwishowe hata padri alimwita bwana harusi, na yeye hakujali. Alipostaafu, chama kikamwomba ashike kazi aliyoifanya marehemu baba yake, Dinny Gilrane, siku zile ng'ombe hawa walipokuwa karibu kwisha kabisa. Alirithi madaftari ya mzee, na jioni za baridi aliyasoma moja moja kama wengine wanavyosoma riwaya.

Mlikuwa na sentensi moja iliyomkera. Ilisema: "McMorrow, Glenfarne, 1984. Fahali mchanga. Kinundu cha pembe, kushoto. Nimemkataa." Baada ya hapo jina la McMorrow halikuonekana tena popote. Bibi mzaa mama wa fahali yule aliitwa Peigín, na katika daftari la chama ukoo wa Peigín ulipigwa mstari: umekwisha.

Halafu siku moja dereva wa lori la maziwa akamwambia, "Kule juu Glenfarne kuna mzee anafuga ng'ombe kama hao wako. Tisa hivi. Ila usijisumbue, yule hazungumzi na mtu."

Attracta akajisumbua.

Alimkuta Hughie McMorrow akiegemea geti lake, mwanamume wa miaka sitini na kitu, mwembamba, kofia imevutwa mpaka kwenye nyusi. Nyuma yake, kwenye mteremko wenye nyasi za kinamasi, ng'ombe tisa wekundu walikuwa wakila kwa utulivu, mistari yao myeupe ikionekana vizuri hata kwenye manyunyu.

"Wewe ni wa Gilrane," Hughie alisema kabla mgeni hajajitaja. "Kidevu hicho nakijua."

"Ni kidevu changu mwenyewe, bwana."

"Kidevu hicho kiliniambia fahali wangu ana pembe. Hakuwa na pembe. Nenda nyumbani, mama."

"Naweza kuwatazama tu kutoka hapa?"

"Barabara ni ya serikali. Tazama mpaka ulowe."

Akatazama mpaka akalowa. Akarudi nyumbani, na wiki iliyofuata akaenda tena.

Safari hiyo alikuta patashika. Hughie alikuwa akiwahamisha ng'ombe kutoka shamba la chini kwenda la juu, peke yake, na katikati ya barabara kulikuwa na gari la watalii lililosimama likiwasha na kuzima taa. Ng'ombe walishtuka, wakageuka, wakaelekea mwanya uliokuwa kwenye ua wa jirani. Ndani ya mwanya huo kulikuwa na majani marefu ya jirani, yaliyokuwa tayari kukatwa.

"Mwanya!" Hughie alipiga kelele. "Wewe Gilrane! Simama kwenye mwanya!"

Huku kwetu unaweza kumjua mtu miaka mingi usijue ana akili kiasi gani, lakini msimamishe kwenye mwanya ng'ombe wanapokuja, utajua kwa dakika mbili. Attracta alikimbia akasimama. Hakupunga mikono, hakupiga kelele. Ng'ombe wa mbele, mkubwa mwenye masikio mekundu na uso mweupe, alimjia mpaka pumzi yake ikamgusa kifuani. Wakatazamana. Attracta akamwambia kwa sauti ya chini, "Si huku, mama. Rudi." Ng'ombe akapumua kwa nguvu, akageuka, na wenzake wanane wakamfuata hadi shamba la juu kana kwamba ndivyo walivyokusudia tangu asubuhi.

Hughie alifunga geti, akaja taratibu akifuta jasho.

"Umesimama vizuri," alisema. "Wengine hupunga mikono kama wanafukuza nyuki."

"Nimefanya kazi na ng'ombe maisha yangu yote."

"Nilisikia. Bwana harusi." Pembe za mdomo wake zikatikisika kidogo. "Haya, ingia. Chai haimtoi mtu damu."

Jikoni kulikuwa na moto wa mboji, ile tunayoichimba kinamasini na kuikausha iwe kuni, na mezani mkate wa magadi, siagi, na vipande vya nyama ya nguruwe iliyopoa. Hughie alimimina chai nyeusi tititi. Wakala kwanza. Kisha akainuka, akafungua kabati la vyombo, akasogeza sahani, na kutoka nyuma akatoa kitu kilichofungwa kwenye gazeti la zamani. Akakiweka mbele ya mgeni.

Lilikuwa fuvu la ng'ombe, jeupe, limesafishwa vizuri.

"Huyo ndiye," akasema. "Aliishi miaka kumi na minne. Alipokufa nilimzika, mwaka uliofuata nikamfukua nikachukua kichwa. Nikasema, iko siku Gilrane mmoja atakuja hapa. Haya, papasa. Upande wowote unaotaka."

Attracta alifuta vidole vyenye siagi kwenye suruali yake. Akapapasa upande wa kulia, ukawa laini. Akapapasa kushoto, polepole, akarudia, akainamisha fuvu kuelekea dirishani apate mwanga. Fahali mwenye pembe, hata kipande kidogo, huacha alama kwenye mfupa. Hapa hapakuwa na kitu. Mfupa ulipanda mviringo mpaka juu, safi.

"Alijigonga getini akiwa na wiki tatu," Hughie alisema. "Palikuwa na kidonda, kimekauka, kigumu. Baba yako akaweka kidole juu yake akasema pembe. Nikamwambia ni kidonda. Akasema, kijana, mimi nimeshika vichwa vingi kuliko miaka yako."

Attracta aliyajua maneno hayo. Aliisikia sauti kabisa. Nyumbani kwao hakuna mtu aliyewahi kumpinga Dinny Gilrane kuhusu ng'ombe, na Attracta ndiye angekuwa wa mwisho kufikiria jambo kama hilo. Kila alichokijua alikijua kwa mikono ya mzee huyo iliyokuwa juu ya mikono yake akiwa mtoto. Akapitisha kidole upande wa kushoto mara nyingine, fuvu likiwa mapajani.

"Baba alikosea," akasema.

Hughie aliweka kikombe chini. "Sema tena."

"Baba alikosea, Hughie. Hamna pembe hapa wala haikuwahi kuwapo."

"Ya pili ni tamu kuliko ya kwanza," akasema Hughie, lakini sauti yake ilikuwa imelegea, na akageukia moto akaanza kuupanga ingawa ulikuwa umepangika tayari. Baada ya muda akasema bila kugeuka, "Na mimi sikuwa malaika. Nilimmwagia ndoo."

"Ndoo ya nini?"

"Ya kilichokuwa karibu. Samadi. Ya maji."

Attracta akamkodolea macho. "Koti la kahawia!"

"Lilikuwa la kahawia baada yangu. Mwanzoni sikumbuki."

"Alituambia ameteleza! Mama alilifua koti lile siku tatu mfululizo nje kwenye beseni, na yeye amekaa tu anasema sakafu ya McMorrow inateleza!"

Hughie akacheka mpaka akashika meza. Attracta naye akacheka, machozi yakamtoka, na mengine, aliniambia baadaye, hayakuwa ya kicheko, lakini yalitoka pamoja kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

Alasiri ile ile wakaingia bandani. Hughie alimtajia kila ng'ombe na mama yake na mama wa mama yake, na sita kati yao akawafikisha mpaka kwa Peigín. Fahali wa ukoo mwingine Hughie alikuwa akimwazima kwa rafiki yake wa Fermanagh. Attracta alipapasa vichwa vyote tisa, akang'oa nywele kutoka kila mkia, zenye mizizi yake, akaziweka kwenye bahasha akaandika majina. Zilikwenda maabara.

Majibu yakaja Agosti. Ng'ombe sita kati ya wale tisa walikuwa wa ukoo wa Peigín, bila shaka yoyote. Attracta hakupiga simu. Aliendesha gari mpaka Glenfarne, akamsomea Hughie barua nzima palepale getini.

"Kwa hiyo hawajaisha," Hughie akasema.

"Walikuwa wanakula majani yako muda wote huo."

"Ningeweza kuwaambia hivyo bila maabara," akasema, lakini akaomba barua, na akaisoma mwenyewe mara mbili.

Chama kina desturi: kila Septemba wafugaji hukusanyika kwa mmoja wao kutazama kundi lake. Mwaka ule wakamwomba Hughie. Alikataa Jumatatu, akakubali Jumatano, na Alhamisi akaanza kupaka chokaa banda. Aliazima vikombe sitini kwenye ukumbi wa parokia. Mimi nilitumwa kukata mikate, kwa hiyo haya niliyaona mwenyewe.

Walikuja kutoka kaunti za mbali, Down, Antrim, Clare, watu wa kila namna wenye gambuti. Mtu mmoja akamuuliza Hughie kuhusu maziwa, na Hughie, ambaye watu walidhani hana maneno, akazungumza dakika arobaini bila kupumzika. Ng'ombe mwenye uso mweupe alimpokonya mama mmoja mkate wenye nyama mkononi, akautafuna akimtazama usoni, na watu wakapiga makofi. Huyo mama, Sorcha Magennis wa Down, hakukasirika hata kidogo. Alikaa kwenye tofali karibu na Hughie wakabishana juu ya kwato hadi saa ya kukamua ilipofika, na Hughie akalazimika kuwafukuza wageni wote kwa heshima.

"Na wewe uje kwangu uone ng'ombe wanaolelewa inavyotakiwa," Sorcha alimwambia akiingia garini.

"Inavyotakiwa!" Hughie alituambia jikoni, akifuta vikombe ambavyo Attracta alikuwa akiosha. "Umesikia? Inavyotakiwa!"

"Nimesikia. Utaenda?"

"Mimi sijavuka mji wa Enniskillen miaka kumi na moja."

Alhamisi iliyofuata Attracta akampeleka. Hughie alikaa mbele, shati limepigwa pasi, kofia magotini, na kwa saa mbili na nusu alikosoa kila shamba walilopita: ua huu umelegea, mfereji ule umeziba, kondoo wale ni aibu. Walipofika, Sorcha alikuwa akiwangojea na mbwa wawili. Hughie alimpa mkono, akaenda moja kwa moja kwenye geti, akaegemea. Ng'ombe kumi na wanne walikuwa wakila kwenye mteremko wa kijani unaoshuka kuelekea baharini.

Alitazama kwa muda mrefu. Wanawake wawili wakamsubiri.

"Wazuri," akasema mwishowe. "Wangu ni wazuri zaidi. Lakini hawa ni wazuri."

"Chai iko tayari," akasema Sorcha.

"Subiri kidogo, mama," akajibu Hughie. "Yule wa tatu kutoka kushoto, mama yake ni nani?"