Kamera ya Ngozi Nyekundu

Niliichagua kwa sababu ilikuwa nzuri. Kwa miaka mingi nilimwambia mume wangu kwamba ni lenzi iliyonivutia, na kwa kuwa nimesoma chuo kikuu na yeye ni mpole, aliniacha niseme. Ukweli ni ile ngozi nyekundu, na mlio wa kifungo chake, laini kama mtu anayefunga mlango akijua mtoto amelala.

Mhandisi mmoja Mbelgiji alikuwa anauza vitu vyake kabla ya kuondoka Kolwezi. Mezani kulikuwa na kamera mbili. Moja ya plastiki, inajifanyia kila kitu. Hiyo ndiyo tuliyoijia: mshahara wa mume wangu wa mgodini ulikuwa umekatika, na picha za vitambulisho zingetulisha. Nyingine ilikuwa ya Kijerumani, ya kitajiri, mbovu kidogo. Filamu uliisogeza mwenyewe baada ya kila picha, na kile kizuizi cha kumzuia msahaulifu asipige picha juu ya picha kilikuwa kimevunjika.

"Mama, chukua ile ya plastiki," mume wangu alininong'oneza. "Hii ni ya kuweka mu vitrine."

Nikachukua ya vitrine, ya kabati la vioo.

Wateja wangu wa kwanza walitoka na masikio manne. Wa pili hawakuja. Nikaanza kujizoeza na vitu vitulivu, kwa mfano nyumba ya jirani yangu, yenye mlango wa buluu na mti wa ndimu. Yeye alizaliwa hapahapa. Baba yake ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Alinicheka kutoka ng'ambo ya ua: "Piga tu, mama! Nyumba haina miguu. Huyu njo mteja wako."

Juma hilohilo watu wa asili ya Kasai wakafukuzwa mjini, wakiambiwa warudi kwao. Nilimkuta jirani yangu stesheni na familia yake, wamelala nje siku kadhaa wakingoja treni. Nilipeleka unga, na kamera. Akamketisha mama yake mzee juu ya godoro, akapanga watoto pembeni.

"Piga," akasema. "Leo sisi njo nyumba. Hatuna pa kukimbilia."

Nikapiga. Filamu nilikuwa sijaisogeza.

Picha iliporudi kutoka Lubumbashi, nyumba na watu walikuwa wameingiliana. Sikuwa na nyingine. Nikamtumia hiyohiyo kwa mkono wa mtawa aliyekuwa anasafiri kwenda Kasai, pamoja na maneno ya kuomba radhi. Jibu halikuja. "Ile ya plastiki ingetoa foto ya muzuri," mume wangu alikuwa akisema kila mwaka, naye alisema kweli.

Kisha simu za mkononi zikatufikia, na siku moja yangu ikalia.

"Ni weye, mama wa foto mbaya?" Alikuwa yeye, jirani yangu, anapiga kutoka Mwene-Ditu, huko Kasai. "Mama alikufa mwaka uleule tulifika. Ile foto iko ku ukuta. Mama eko amekaa mu mulango yake, ndimu juu ya kichwa. Batoto bakiuliza kwetu kulikuwa namna gani, ninabaonyesha ile. Haiko ingine."

Nikaanza kumweleza habari za kizuizi.

"Ulishaitengeneza?"

"Bado."

"Usiitengeneze."

Mume wangu alikuwa ananiuliza kwa mikono ni nani. Nikampa simu asikie mwenyewe.