Nilivyoipoteza bahari ya Hong Kong mbele ya binti yangu

Wakuu, heshima kwenu nyote, mlio nyumbani na mlio mbali kama mimi.

Humu jukwaani mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Leo naomba nafasi nisimulie safari yangu ya Pasaka iliyopita. Sitaongeza chumvi. Pale nilipoaibika nitasema nimeaibika, kwa sababu bila aibu hiyo sina cha kusimulia.

Naishi Birmingham, mtaa wa Stechford, mwaka wa kumi na saba sasa. Kabla ya kuja huku nilikuwa mwalimu wa Jiografia katika sekondari moja ya wasichana mkoani Iringa.

Shule yetu ilikuwa na nakala moja tu ya kitabu cha kiada, jalada limeng'oka. Ndani yake kulikuwa na sura ya bandari kubwa za dunia, na niliyoipenda kuliko zote ilikuwa Hong Kong. Kila mwaka niliichora ubaoni kwa chaki: kisiwa chini, rasi juu, maji yenye kina katikati, na uwanja wa ndege umejitokeza baharini kama ulimi.

Miaka minane. Ilifika mahali naichora huku nimewageukia wanafunzi, nikitazama nani anasinzia.

Huku Uingereza vyeti vyangu havikutosha. Niliambiwa nianze upya, na wakati huo nilikuwa mjamzito. Nikaahirisha, kisha nikaahirisha tena, na miaka ikapita. Leo nafanya kazi jikoni katika shule moja upande wa Hodge Hill. Nagawa chakula cha mchana. Ni kazi halali na siionei haya.

Tatizo ni kwamba binti yangu Neema anasoma shule hiyo hiyo. Ana miaka kumi na tano, kazaliwa hapa. Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Siku moja aliniomba, kwa adabu kabisa, nisimwite jina akifika mbele yangu kwenye foleni.

"Just serve me like the others, Mum."

Nikamhudumia kama wengine. Viazi, maharage, mchuzi, anayefuata.

Sikumlaumu. Umri ule ni mgumu, nilifundisha mamia ya wasichana wa umri ule. Lakini tangu siku hiyo nilikuwa na haja moja tu moyoni: kabla hajamaliza shule na kwenda zake, amwone, japo mara moja, yule mwanamke aliyekuwa akisimama mbele ya darasa.

Basi rafiki yangu Mama Furaha, Mkongo wa Uvira mwenye duka la nywele na mikoba kule Winson Green, akasema anakwenda Hong Kong kutafuta bidhaa na anahitaji mtu wa kumsaidia Kiingereza.

"Kuya na mtoto," akaniambia. "Si vacances iko, masomo imefungwa?"

Kusikia tu jina la mji ule, sikuuliza la pili.

Uwanja wa ndege akataka kununua ramani. Nikamzuia. Nikamwambia ramani ninayo kichwani, tena nilisema kwa sauti ili Neema asikie.

Ndege ilipoanza kushuka nikamwamsha mtoto. Nikamwambia atazame dirishani, kwamba tutapita juu ya mapaa karibu tuguse nguo zilizoanikwa, kisha tutatua kwenye ule ulimi ulioingia baharini. Akabandika uso kwenye kioo.

Tuliona milima, maji na meli. Kisha tukatua taratibu kwenye uwanja mkubwa mpya, katika kisiwa kingine kabisa. Ule wa kwenye kitabu ulikwisha kufungwa miaka mingi nyuma.

"Mum, where are the houses?"

Nikasema labda rubani ameamua kupita njia nyingine. Ndiyo wakuu, nilisema hivyo. Mwalimu mzima.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, tukatoka kutembea. Mji ule ni wa ajabu. Mnapanda mtaa mzima mmesimama kwenye ngazi za umeme. Tuliingia hekalu moja ambamo ubani umesokotwa kama springi za kitanda na kuning'inizwa darini, unaungua polepole na moshi unakuingia mpaka kwenye nywele. Chini ya majengo ya mabenki walikaa akina mama wa Kifilipino, siku yao ya mapumziko, wametandika maboksi, wanasukana, wanakula, wanacheka. Mama Furaha akawapungia mkono kama anawajua.

"Aba bamama ni sisi kabisa," akasema. "Kama siku ya mariage, siku ya harusi."

Kisha nikatangaza kwamba sasa nawapeleka baharini tukapande feri. Kitabuni kulikuwa na mtaa mmoja mrefu uliopita ufukweni, nyumba upande mmoja na mashua upande wa pili. Jina la mtaa nililikumbuka, na mtaa tukaupata bila kuuliza mtu.

Bahari haikuwapo.

Kulikuwa na tramu, zile treni za barabarani, maduka ya saa, na majengo marefu pande zote mbili. Tukaenda kushoto. Tukarudi kulia. Jua kali, unyevu, viatu vinabana.

"Mwalimu, weye!" Mama Furaha akasimama katikati ya njia, mikono kiunoni. "Bahari yako ilikimbia?"

"Iko hapa hapa karibu."

"Mi nilikuambia tununue carte, weye ukasema iko mu kichwa. Basi fungua kichwa tuone!"

Akacheka mpaka akashika nguzo. Ningecheka naye, lakini nilimwona Neema. Alikuwa amegeuza uso, anatazama kioo cha duka kana kwamba hakuja na sisi. Uso ule naujua. Ndio anaoutumia kwenye foleni.

Nilikuwa na njia mbili. Niendelee kujifanya najua, au niseme ukweli.

Nikasema, "Neema, nimekosea. Ramani yangu ni ya kitabu cha zamani, na nimeifundisha miaka minane bila kufika hapa."

Kusema vile kulinifungua macho, kwa sababu niliacha kutafuta kitabu na nikaanza kutazama ardhi. Mtaa ule haukunyooka. Ulipinda polepole kama ufukwe unavyopinda. Upande wa mlimani vichochoro vyote vilipanda kwa ngazi, mwinuko mkali. Upande wa pili kulikuwa tambarare kabisa, kama meza.

Mlima haukatiki ghafla hivyo na kuwa meza, wakuu. Tambarare ile ilitengenezwa na watu.

Nikamwomba Mama Furaha penseli yake ya wanja na mfuko wa karatasi aliopewa dukani asubuhi. Nikachora pale pale, nimeuegemeza mfuko ukutani.

"Simama hapa," nikamwambia Neema. "Ulipo wewe ni nchi kavu. Aliposimama auntie yako ni baharini."

"Jésus!" Mama Furaha akaruka pembeni.

Nikaeleza jinsi watu wa mji huu walivyobanwa na mlima, wakaanza kumwaga udongo na mawe majini, kipande baada ya kipande, na kila kizazi kikajenga ufukwe wake mbele ya ule wa jana. Sauti yangu ilibadilika, niliisikia mwenyewe. Watalii wawili wazee, mume na mke, wakasimama kusikiliza na kitabu chao cha mwongozo mkononi.

Neema akauliza swali. Kwa Kiingereza, lakini aliuliza: tutajuaje kujaza kuliishia wapi?

"Tufuate tambarare," nikasema. "Itakapokwisha ndipo bahari ilipo leo."

Tukavuka barabara moja, ya pili, ya tatu, Neema akitangulia. Tukaikuta, nyuma ya uzio wa ujenzi, winchi zikiwa bado zinashusha mawe majini. Hata gati la feri, tuliambiwa, lilikuwa limesogezwa mbele miezi michache tu kabla.

"They're still doing it!" Neema akapiga kelele, kashika uzio kwa mikono miwili.

Alasiri tulipanda mlimani kwa ile treni inayovutwa kwa waya, ikipanda mwinuko mkali mpaka majengo yanaonekana yameinama. Juu kule mji mzima uko miguuni pako: minara, maji ya kijivu, meli kutoka kila pembe ya dunia. Mama Furaha alikaa kwenye benchi akavua viatu.

Neema aliniomba wanja na ule mfuko. Akauegemeza kwenye ukingo wa ukuta na akachora upande wa pili kwa muda mrefu, akitazama chini, akitazama karatasi. Ufukwe wa zamani kwa vidoti, ufukwe wa leo kwa mstari mzima. Uwanja wa ndege wa zamani akauwekea alama ya kukosa. Akanipa.

"Mark it."

Nikasahihisha. Nikampa tisa kwa kumi.

"Kwa nini tisa?" Hilo alilisema kwa Kiswahili, kwa hasira.

"Hujaweka mshale wa kaskazini."

Alinibishia mpaka tukateremka. Mama Furaha akanisihi nimpe tu mtoto alama yake. Sikumpa. Sijawahi kumpa mwanafunzi alama ya huruma, na nilimwona Neema akilielewa hilo hata akiwa amenuna. Nilishuka ule mlima nikitembea kama naelekea darasani, mikono nyuma, na wala sikuona haya.

Nilichojifunza ni hiki: miaka yote nilidhani ualimu wangu ulibaki kwenye vyeti visivyokubalika. Binti yangu aliuona siku ile ile nilipokiri mbele yake kwamba nimepotea, kisha nikatafuta njia naye akitazama.

Najua humu mko wengi mlioshika chaki kabla ya kushika ufagio, usukani au vitanda vya wagonjwa. Andikeni hapa chini mlifundisha somo gani, na darasa la ngapi.

Naanza mimi: Jiografia, kidato cha tatu na cha nne.