Simu Iliyobaki Mwezi wa Nane

Ujanja wenyewe nilifundishwa na muuza vocha jirani ya duka langu, pale Bariadi, siku zile kampuni za simu zilipokuwa zimeshakuwa nyingi na kila moja inatugombania kwa bando. Alisema ukinunua bando la wiki, siku ya sita ingia kwenye mipangilio ya simu, rudisha tarehe hadi siku uliyonunua, na bando litaendelea kana kwamba umelinunua leo. Nilimwamini papo hapo. Mimi napenda sana kujua kitu ambacho wengine hawakijui, na hilo limekuwa tatizo langu tangu utotoni.

Bando lilikuwa linaisha vilevile. Lakini kila lilipoisha nilijiambia nimechelewa kurudisha tarehe, au nimerudisha vibaya, nikaendelea. Hivyo simu yangu ilikuwa bado mwezi wa nane wakati Bariadi nzima iko mwezi wa tisa. Haikunisumbua. Tarehe ya kweli niliisoma kwenye kalenda ya ukutani, na barua pepe zilifunguka kama kawaida. Nikawafundisha na wateja wangu, bure kabisa, wakawa wananiita mtaalamu. Duka langu lilikuwa la kutoa kopi, kupiga picha za pasipoti na kuwajazia watu maombi ya kazi na vyuo kwenye mtandao, kwa hiyo jina hilo lilinikaa vizuri.

Mdogo wangu wa mwisho, wa kike, alikuwa Nkololo na mama. Alikuwa na miaka miwili nyumbani tangu amalize kidato cha nne, akilima pamba na kukamua ng'ombe. Baba alikwisha kufariki, na mambo ya ukoo yalikuwa mikononi mwa baba zetu wadogo. Posa ilikuwa imeshaletwa. Mama aliomba wasubiri majibu ya chuo cha uuguzi alichokiomba binti yake, na baba wadogo wakakubali, ila walisema mwaka huu ndio mwisho. Asipopata chuo, ng'ombe wa mahari watapokelewa.

Alikuwa hana simu, kwa hiyo kwenye fomu ya chuo tuliandika barua pepe yangu. Alhamisi jioni majibu yakaingia: amechaguliwa. Chini yake kulikuwa na kiungo cha kubonyeza ili athibitishe nafasi, na onyo kwamba mwisho ni Ijumaa saa kumi jioni, baada ya hapo nafasi itapewa mwingine. Nilimpigia mama kwenye kitochi chake, nikamwambia amtume huyo binti asubuhi na mapema aje na vyeti vyake. Mama alicheka kwenye simu mpaka nikasikia kikohozi kimemshika.

Alifika saa mbili na nusu kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye nyusi, vyeti vikiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri na kompyuta ya dukani haikuwa na kazi. Nikamwambia asihofu, simu inatosha. Nikabonyeza kiungo.

Skrini ikawa nyeupe, na katikati pembetatu nyekundu. Iliandika kwamba muunganisho si salama, cheti cha usalama cha tovuti hakiaminiki, na huenda kuna watu wanajaribu kuiba taarifa zako.

"Cheti changu kina shida?" mdogo wangu akauliza.

Nikamweleza kwamba si chake. Kila tovuti ina cheti chake cha kujitambulisha kwa simu, kama mgeni anavyoonyesha kitambulisho mlangoni, na simu ikikitilia shaka inakataa kukupitisha. Nilieleza vizuri sana. Kueleza sijawahi kushindwa.

Nikazima simu, nikawasha. Pembetatu. Nikatoa laini, nikaipangusa kwa upindo wa kitenge, nikairudisha. Pembetatu. Nikaweka laini ya kampuni nyingine, nikafuta kumbukumbu zote za kivinjari, nikatoka nje hadi barabarani nikiwa nimeinua simu juu kama mtu anayeomba lifti. Tovuti nyingine zilifunguka bila shida, hata za magazeti. Hiyo moja tu ya chuo ndiyo ilikataa. Nilipiga namba ya chuo iliyokuwa kwenye barua, ikaita mpaka ikakatika. Nikaipiga tena na tena.

Ilikuwa kama saa sita hivi mdogo wangu, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha wanaopigwa picha, alipoinama juu ya skrini.

"Dada, hii barua imeandikwa jana, mwezi wa tisa. Simu yako inasema tuko mwezi wa nane. Hiyo haina shida?"

"Hiyo nimeiweka mwenyewe," nikamjibu. "Ni mambo ya bando. Wewe shika vyeti vyako."

Akashika vyeti vyake. Nilikuwa nimekasirika, na si kwa sababu amesema vibaya. Nilikasirika kwa sababu mtoto aliyetoka kukamua ng'ombe asubuhi ananiuliza mimi habari za simu, tena mbele ya wateja wawili waliokuwa wanasubiri umeme.

Mama mmoja muuza vitenge, jirani yangu, akasikia tunavyohangaika akaleta simu yake. Nikaikataa. Nimeshaonywa kuna wezi, nikafikiri, nitaingizaje neno la siri la barua pepe yangu kwenye simu ya mtu? Saa nane nikaanza kusema kwa sauti kwamba huenda chuo chenyewe ni cha matapeli, siku hizi kila mtu anafungua chuo. Mdogo wangu akasema kuna aliyemaliza hapo anafanya kazi kwenye zahanati ya Nkololo, amemwona kwa macho. Nilikuwa nimeanza kutaka wawe matapeli, ili nisiwe nimeshindwa.

Saa tisa nikaamua kupakua kivinjari kingine. Mtandao ulikuwa unakwenda kwa kusuasua, kile kimstari cha kupakua kinasogea halafu kinasimama. Sote wawili tulikitazama. Kilipomaliza ilikuwa saa kumi na robo. Nikafungua kiungo kwa mara ya mwisho, na hiki kivinjari kipya hakikuzungumzia wezi. Kiliandika kwa herufi kubwa, tena kwa Kiswahili, kwamba saa ya simu yako iko nyuma, rekebisha tarehe kisha ujaribu tena.

Baadaye fundi mmoja alinieleza kwamba chuo kilikuwa kimebadilisha cheti cha tovuti yake wiki ile ile. Simu yangu, iliyokuwa mwezi wa nane, ilikiona ni cheti cha siku ambazo hazijafika, ikafanya kazi yake ya kukikataa. Jumapili iliyotangulia kiungo kingefunguka.

Niliingia kwenye mipangilio, nikaweka tarehe ya kweli. Haikuchukua hata dakika moja. Ukurasa ukafunguka mara moja, mzuri, una picha ya wasichana wenye magauni meupe wanatabasamu. Juu ya vichwa vyao palikuwa na maandishi kwamba muda wa kuthibitisha umekwisha.

Jumatatu chuo kilipokea simu. Sauti ya mwanamke iliniambia kwa upole kwamba nafasi imeshapewa mwingine. Mwezi wa kumi na moja ng'ombe waliingia kwenye zizi la baba mdogo, na mdogo wangu akaolewa huko Kiloleli. Mimi nilikuwepo, nilipika. Lakini kinachonirudia zaidi ni Ijumaa ile ile, kama saa kumi na moja, tukiwa bado tumekaa dukani, pale mama alipopiga simu. Niliweka sauti ya nje ili sote tumsikie.

"Mwadila, ng'wanone," mama akasema, akinisalimu na kuniita mwanangu kwa Kisukuma. "Imekuwaje? Wameshamwandika?"

Nilikuwa na la kusema. Ningeweza kusema nilichezea tarehe ya simu, mtoto wako akaniambia saa sita mchana, nikamnyamazisha. Yalikuwa maneno machache tu. Nikasema, "Mtandao, mayu. Mtandao umetusumbua, muda ukapita."

Mama akamwita mdogo wangu kwa jina, akamuuliza kama ni kweli.

Mdogo wangu alinitazama. Hakunitazama kwa hasira, na hakunitazama kwa muda mrefu. Akaisogelea simu.

"Ni mtandao, mayu. Dada kahangaika tangu asubuhi, hata kula hajala."

"Basi mshukuru dada yako," mama akasema.

Nilitamani mdogo wangu anitukane. Nilitamani aitupe ile simu barabarani. Akanigeukia, mfuko wa vyeti ukiwa mapajani, akasema, "Asante, dada," na hakuwa ananikejeli.