Kope za Bati

Juzi, baada ya swala ya asubuhi, nilisikia harufu ya dawa ya meno ikitoka uani, nikadhani wajukuu wanapiga mswaki. Kumbe mjukuu wangu mkubwa alikuwa amechuchumaa mbele ya gari lake kuukuu, akizisugua taa za mbele kwa dawa ya meno na kitambaa ili umanjano utoke.

"Shikamoo bibi. Nalirembesha kidogo."

"Marahaba," nikamjibu, nikavuta kigoda. Wenzangu, aliyekaa pale hakuwa tena bibi wa mtu. Alikuwa mtoto wa miaka minane, Kilosa, viganja vimejaa masizi.

Mjomba Salumu, kaka yake mama, Mola amrehemu, alikuwa fundi wa magari. Alinunua gari la michezo kwa meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa akirudi kwao: jekundu, milango miwili, fupi hata kuku wetu walirukia paa lake bila kuhangaika. Taa yake moja ilikuwa imevunjwa na jiwe, naye akaweka ya trekta mahali pake, ndogo na nyeupe, mwenzake kubwa na ya manjano. Mtaani waliliita Chongo.

Mwaka ule dada yangu Zainabu aliposwa Mikumi. Wakwe walituma salamu kwamba wanajua njia ya kwao ilivyo mbovu, basi tukishindwa kumleta bibi harusi, wao wataleta trekta. Mjomba aliyasikia maneno yale kama tusi. "Mtoto wa dada yangu hapandi trekta kama muwa," alisema, akatoa vifaa vyake.

Siku nne alilirembesha. Alikata pete mbili kwenye bati la kopo la mafuta ya kula, akazing'arisha kwa majivu, akazizungushia taa ili zionekane sawa. Mimi nilikuwa natoka chumbani kwa dada, walikokuwa wakimpaka wanja, nikamwambia, "Mjomba, lenyewe halina kope." Alicheka, lakini kesho yake nilimkuta akikunja bati. Alitengeneza kope mbili pana, akazifunga kwa skrubu pamoja na zile pete, zikafunika nusu ya juu ya kila taa. Nami nikazipaka wanja wetu wa masizi na mafuta ya nyonyo. Juani, gari lilikuwa kama mwari aliyeinamisha macho kwa haya.

"Kaka, na kiza kikiwakuta?" mama aliuliza.

"Tutafika mapema."

Ndoa ilifungwa adhuhuri, lakini machozi ya mama na pilau la majirani vilituchelewesha. Tulipokipita kijiji cha Zombo, mvua ikashuka kama aliyekuwa akitusubiri, mchana ukawa giza kama magharibi. Mjomba akawasha taa. Mwanga ulianguka chini palepale, mbele ya matairi, usiende kokote. Tulitambaa hivyo, mara akakanyaga breki. Hatua moja mbele yetu maji yalikuwa yameikata barabara nusu, korongo linanguruma.

Dada alikuwa akinong'ona dua chini ya shela. Mjomba alichukua bisibisi, akatoka na kanzu yake nyeupe, akapiga magoti kwenye tope. Kupitia kioo niliziona kope zangu zikitoka moja baada ya nyingine, pamoja na pete zake, wanja ukichuruzika hadi viwikoni mwake.

"Shika, mama," alisema, maana nilipewa jina la mama yake.

"Sishiki. Umeliharibu. Watatucheka."

"Watacheka, lakini dada yako atakuwa amefika."

Tulilizunguka korongo polepole, tukafika Mikumi kabla ya adhana ya magharibi, mvua bado inanyesha. Vigelegele vilitupokea, kisha shangazi mmoja wa bwana harusi akauliza, "Hili gari kalipiga nani, mbona jicho moja limesinyaa?"

"Limegombana na njia, shemeji," mjomba akajibu. "Njia ndiyo iliyoshindwa."

Kicheko kikapasuka ua mzima. Mama mkwe akakikata: "Ukipenda, chongo huita kengeza. Niletewe mwanangu."

Nilidhani sasa mjomba angelificha gari nyuma ya nyumba. Badala yake aliligeuza likauelekea mlango, taa zote mbili zikiwaka, ya manjano na nyeupe, kila mtu azione. Nikamvuta mkono wa kanzu: "Zima, mjomba. Wanatuona." Hakuzima. Nilimnunia juma zima.

Miaka mingi baadaye Mungu alinijalia kumsindikiza binti yangu mwenyewe kwa mumewe, nimemshika mkono, tukitazama chini tusije tukateleza. Ndipo nilipouona upya ule ua wa Mikumi katika mwanga wa taa zile mbili: madimbwi, mawe ya kukanyagia, na dada yangu ndani ya shela, asiyeona mbele, akiunyanyua mguu na kuuweka pakavu, jiwe kwa jiwe, mpaka mlangoni.