Mgeni Asiyeinuka Mezani

Vitomir alipotoka hospitali, kitu cha kwanza alichokiona nyumbani kwake kilikuwa anga. Lilikuwa kubwa mno. Juu ya paa la karakana yake, ambako tangu utotoni alizoea kuona majani, palikuwa peupe kama ukuta uliobanduliwa picha. Mforosadi uliopandwa na baba yake, pale mpakani na jirani Milisav, ulikuwa umekatwa ukabaki kisiki.

Vitomir alikuwa fundi wa mapipa. Kijiji kizima kilihifadhi rakija yake, pombe kali ya matunda, katika mapipa aliyoyaunda, na mbao nzuri kuliko zote kwa pombe hiyo ni za mforosadi, kwa sababu huipa rangi ya dhahabu. Ule wa baba yake hakuwahi kuugusa. Alikuwa akisema, huu si mbao, huu ni mzee.

Akaenda uani kwa Milisav, begi la hospitali likiwa bado mkononi.

"Umefanya nini, wewe?"

Milisav alikuwa akifuta gari lake jipya kwa kitambaa. "Karibu nyumbani, jirani. Pole kwa kuugua. Yale matunda yako yalikuwa yananichafulia gari. Madoa kama ya wino, hayatoki."

"Ule mti ulikuwa mpakani!"

"Ndiyo, nusu wako, nusu wangu. Mimi nimekata nusu yangu tu. Hiyo nyingine imeanguka yenyewe."

Vitomir alisikia masikio yakivuma kama mzinga wa nyuki. Hospitali alikuwa amelazwa kwa ajili ya presha. Mshipa mdogo ulikuwa umepasuka jichoni, na daktari alimwambia waziwazi kwamba huo umepasukia mahali pa bahati, wa pili unaweza kupasukia kichwani. Dawa kila asubuhi, chumvi aisahau, pombe aiage, alale vizuri, na zaidi ya yote asikasirike.

Sasa alale vipi? Milisav alikuwa na taa kubwa uani, na kwa miaka yote mti ndio ulioizuia. Sasa mwanga uliingia moja kwa moja mpaka kwenye mto wa kulalia. Mkewe, Jagoda, alitundika blanketi dirishani. Mwanga ukapita pembeni. Na hata pale usipopita, Vitomir aliuona akiwa amefumba macho.

Alilala chali akipanga. Atatia mchanga kwenye tangi la gari. Atamwaga maji ya chumvi kwenye mizabibu. Kila mpango ulipokamilika aliubomoa, kwa kuwa kijiji ni kidogo na wote wangejua ni yeye. Kulipopambazuka aliinuka akiwa na macho mekundu, akaingia karakana na kuanza kugonga pete za chuma kwenye mapipa. Aligonga kwa nguvu hata pipa lisilohitaji kugongwa. Dawa alikuwa anaisahau. Chai ya vitunguu saumu aliyochemshiwa na Jagoda aliimwaga kwenye vumbi la mbao.

Nesi wa zahanati, Zlata, alimfunga mkanda mkononi, akaujaza upepo, akasikiliza, akakunja uso.

"Mia na tisini. Mjomba Vitomir, presha yako ina jina. Inaitwa Milisav."

"Basi nipe dawa ya Milisav."

"Ningekuwa nayo, nusu ya kijiji ingepanga foleni hapa."

Jagoda, aliyemsindikiza, alilia njia nzima ya kurudi. "Utaniacha mjane kwa ajili ya kuni! Msamehe, mwanaume. Si kwa ajili yake, kwa ajili yangu."

"Nimsamehe? Kwanza aumie. Aumie kidogo tu, halafu nitaona."

Vuli ilikuwa inaisha alipomwona Milisav dukani, ameegemea meza kama mzigo. Miguu ilikuwa imemvimba, mishipa ya vigimbi imetuna kama mizizi. Mwenye duka akamtania, "Milisav, utaisimamiaje slava yako hivyo?" Milisav akaguna, akabadilisha mguu.

Vitomir alirudi nyumbani akitabasamu, jambo ambalo Jagoda hakuwa ameliona tangu kiangazi, na likamtia hofu.

Slava ni siku ya mtakatifu wa nyumba, na kila nyumba ina wake. Watu hawaalikwi. Anayejua siku anakuja, na anayekuja hafukuzwi, hata angekuwa amekuibia ng'ombe. Na mwenye nyumba haketi. Toka mgeni wa kwanza aingie mpaka wa mwisho aondoke, yeye husimama, humimina, huchukua sahani, hupokea makoti. Slava ya Milisav ilikuwa ya Malaika Mkuu, mwezi wa Novemba.

Siku hiyo Vitomir alivaa suti yake nyeusi ya harusi na mazishi, akachukua chupa ya mvinyo na pakiti ya kahawa, akabisha mlangoni kwa Milisav kabla umande haujakauka.

Milisav alifungua. Walitazamana. Nyuma yake mshumaa mrefu ulikuwa unawaka mezani kando ya mkate wa sikukuu.

"Heri ya mtakatifu wako, jirani," alisema Vitomir.

Milisav alirudi nyuma hatua moja. "Karibu," akasema, kwa kuwa hakuna neno jingine la kusema siku hiyo.

Vitomir alisimama mbele ya mshumaa, akajichora ishara ya msalaba, akala kijiko cha ngano iliyochemshwa na asali, kisha akaketi kwenye kiti cha karibu na jiko. Akanyoosha miguu. Akala supu taratibu, kama mtu anayehesabu tambi. Wageni wakaja, wakala, wakaondoka. Wengine wakaja. Yeye alibaki.

"Milisav, ndugu yangu, ongeza kidogo kabichi hii ya nyama. Mkono wa mkeo hauna mfano."

Milisav aliongeza.

"Na maji. Hapana, si hayo, yale ya kisimani. Ndiyo, ya kule nje."

Milisav alikwenda nje akichechemea. Vitomir alimsindikiza kwa macho, na kila alipoona goti la jirani likikunjika, kitu kitamu kuliko asali ya ile ngano kilimshuka kooni.

Ndipo Dostana, mke wa Milisav, alipofungua mlango wa jiko na kutupia gogo. Lilikuwa gogo la njano lenye moyo wa kahawia. Vitomir aliijua rangi ile kama anavyoijua mikono ya baba yake. Alikuwa ameota moto wa mforosadi wake toka asubuhi, na ulikuwa umempendeza.

Masikio yakaanza kuvuma. Nyuki wote walirudi. Akashika ukingo wa meza. Daktari, kichwa, mshipa wa pili. Inuka uende zako, akajiambia. Lakini Milisav alikuwa ndiyo kwanza ameegemea ukuta, uso umepauka, na Vitomir asingempa zawadi ya kuketi. Akabaki.

"Mbona umekuwa mwekundu kama pilipili?" Dostana akamuuliza.

"Moto wako mkali, shemeji. Kuni nzuri."

Dostana akamtazama yeye, akamtazama mumewe, akaenda chumbani. Alirudi na mashine ya presha, akaiweka mezani kati ya mkate na mshumaa. "Mtakatifu atanisamehe. Sitaki maiti wawili siku ya slava. Lete mkono."

Wageni waliacha kula. Mashine ikavuma, ikapumua.

"Mia na tisini na tano," alisoma Dostana. "Na wewe, mwenye nyumba! Njoo hapa. Pima huku umesimama, usijali, mila haitavunjika."

Ya Milisav ilichukua muda. "Mia mbili na tano."

"Hata kwa hili lazima anipite," alisema Vitomir, na meza nzima ikaangua kicheko.

Milisav hakucheka. "Unafikiri ninalala? Toka kiangazi kila alfajiri, ko, ko, ko! Nyundo yako imehamia kichwani mwangu. Nameza vidonge kama njugu."

Vitomir hakuwa amejua. Alidhani muda wote alikuwa anagongea mapipa tu. Alimwangalia yule mtu mnene, macho yamezama, miguu kama magogo, na badala ya huruma alihisi ameburudika kama aliyenywa maji baridi. Ikambidi ainamie sahani kuficha uso.

Aliinuka mshumaa ulipozimwa kwa mvinyo, kama ilivyo desturi, akiwa wa mwisho. Milisav alimsindikiza mpaka getini kama inavyompasa mwenye nyumba, akijishikilia uzio.

"Asante kwa kutuheshimu, jirani," alisema Milisav. Halafu akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Nikola ni mwezi ujao, siyo? Aliyenitembelea namrudishia. Nitakuja kwako. Mapema."

Vitomir alisimama barabarani kama aliyemwagiwa ndoo ya maji. Slava yake yeye ilikuwa ya Mtakatifu Nikola. Katika mipango yote ile ya kitandani, hakukumbuka hata mara moja kwamba ziara ya slava hurudishwa.

"Jagoda," alisema alipoingia, koti bado mwilini, "zile dawa ziko wapi?"

Kuanzia siku hiyo alimeza kidonge kabla ya kahawa. Chumvi aliitoa mezani kwa mkono wake mwenyewe. Alitengeneza kibao kizima cha dirisha kwa mbao za pipa, kikaziba mpaka nyufa, akalala gizani kama mtoto. Jioni alitembea mpaka kanisani na kurudi. Na nyundo aliishika baada ya chai, kwa kuwa alfajiri alikuwa bado anakoroma. Hilo la mwisho lilimuudhi, kwani alijua linamfaidi Milisav.

Zlata alipojaza mkanda upepo alishangaa. "Mia na arobaini! Mjomba, umemsamehe?"

"Nani? Aa, wapi. Nataka niweze kusimama siku nzima na yeye akiniangalia."

Siku ya Nikola, umande haujakauka, mlango ulibishwa. Milisav alikuwa amepungua, uso una rangi, mkononi chupa ya mvinyo na pakiti ya kahawa. Naye alikuwa amejitayarisha.

"Heri ya mtakatifu wako, jirani."

"Karibu, karibu! Kiti chako hiki hapa." Kilikuwa kigoda cha karakana, kisicho na mgongo. Kisha Vitomir akamletea sahani ya samaki, maana Nikola huangukia mfungo wa kutokula nyama, na maharage, na kabichi.

Milisav alionja samaki. Akasita. Akaonja maharage.

"Mama yangu! Havina chumvi hata chembe."

"Presha, ndugu yangu," alisema Vitomir, akifunga mikono nyuma na kusimama wima kama nguzo. "Ninakujali. Kula, kula, viko sufuria nzima. Nitakuongezea."