Zamu ya Samaki

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya sabini, Afisa Uvuvi wa Wilaya pale Isiolo alinipa fimbo ndefu iliyopigwa mistari ya rangi, akanituma nikaichomeke kwenye bwawa la upande wa Kipsing. Ndiyo iliyokuwa kipimo chetu cha kina.

"Samaki hasomi faili," aliniambia. "Maji yakishuka, yeye anajua kabla yako. Mtazame."

Nikamtazama miaka kumi. Perege dume huchimba kiota, kishimo cha duara kama sahani, kwenye mchanga wa maji mafupi. Jike hutaga humo, kisha huyabeba mayai mdomoni hadi yaanguliwe. Maji yakipungua, kiota hubaki nchi kavu, na dume huenda kuchimba kingine chini zaidi. Hachoki. Mimi ningeshaomba uhamisho.

Ukame wa miaka ya themanini ulipokaza, maji yalishuka mistari saba. Mchanga ulibaki upande mmoja tu, na huko huko ng'ombe waliingia kunywa, wakavikanyaga viota vyote. Afisa mpya akaja, akatazama, akasema, "Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Nisipoona vifaranga, kituo hiki cha samaki tunakifunga." Niliumia sana, kwa maana bwawa lile ndilo lililokuwa kazi yangu yote.

Kwa ujinga wangu nikasimamisha kibao: MARUFUKU NG'OMBE. Kesho yake nilikikuta kinachemsha chai ya wachungaji. Hapo ndipo nilipomwendea Mzee Guyo, aliyepanga zamu za kunywesha mifugo. Kwa Waborana, hata tajiri husubiri zamu yake.

"Salaam aleikum, mzee. Nimekuja kuomba zamu."

"Aleikum salaam. Bwana Samaki, kwani wewe iko na ng'ombe?"

"Niko na samaki."

Wazee waliokaa naye walicheka mpaka machozi. Watu wale hawali samaki. Kwao ni binamu wa nyoka. Guyo hakucheka.

"Yeye pia nakunywa hapa," alisema. "Na yeye hawezi hama. Sisi tunaweza. Upande ya mchanga ni zamu yake mpaka mvua. Ng'ombe itakunywa upande ya mawe."

Hakuna aliyelivunja neno lake. Mwezi haujaisha, vifaranga walijaa ukingoni. Afisa alivua viatu, akaingia mpaka magotini, akatoka na kuandika: kituo kibaki. Nilicheka peke yangu njia nzima. Mvua ziliporudi, perege wale wale tuliwapandikiza kwenye mabwawa mengine hadi Oldonyiro.

Nilipostaafu nilikwenda kuliaga bwawa. Lilikuwa limejaa pomoni. Mama mmoja alikuwa akiwaswaga ng'ombe wake kuelekea kwenye mawe. Nikamwambia maji ni mengi, apite tu mchangani.

"Hapana, mzee. Huko ni zamu ya samaki."

Sikumwambia mimi ni nani. Nilizunguka, nikapitia kwenye mawe pamoja na ng'ombe.