Pole Niliyoitoa Kyoto

Enyi wenzangu wa hapa Hyattsville, Marekani, mnaonisifu kwamba sipitwi na msiba, sikieni yaliyonikuta Japani. Mwanangu Zuhura alinichukua safarini na wakubwa wake wa ofisini Arlington, akanisihi, "Mama, hawa ni mabosi wangu. Tafadhali usiniaibishe."

Basi tukawa tunatembezwa mji wa kale wa Kyoto na binti mmoja, Haruko. Nikaona viatu vingi mlangoni kwa watu. Ndani wanawake wamekaa mkekani, kimya, na ubani unafuka. Nikajua hapa wamefiwa, nami nitapitaje kama sikuona? Nikavua viatu, nikaingia, nikamkumbatia bibi mkubwa wao. Nikalia kweli, maana nilimkumbuka marehemu dada yangu Mwanaidi. Yule bibi naye akalia, na wenzake wakafuata.

Zuhura akaja mbio na Haruko, mabosi nyuma yao. Bibi, bado kanishika mkono, akamwuliza Haruko jambo. Haruko akamwambia Zuhura kwa Kiingereza.

Zuhura akanitafsiria bila kunitazama: "Mama, hili ni darasa la kuandaa chai. Mwalimu wao huyu anauliza, umefiwa na nani?"